Shangazi, kumbe kuna mgahawa mzuri wa Kijapani nyuma ya nyumba yangu, nitajuaje kama ni mzuri kweli?

Safari hii karibu barua zote zimekuja kwa jambo moja, chakula cha Kijapani, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza ni ndefu, nimeipunguza ila maswali yake nimeyaacha yote maana ni mazuri.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana, naishi peke yangu, na nimegundua kitu ambacho mpaka saa hizi siamini. Mtaa wa nyuma tu ya ninapokaa kuna mgahawa wa Kijapani, mdogo, una kaunta na meza chache, kwa nje hata huwezi kujua ni mgahawa. Mimi sushi nilikuwa nazijua zile za maboksi za supamaketi na nikawa nimeshaamua sizipendi. Juzi mvua ikanikuta hapo mlangoni nikaingia, nikala nigiri (yale mafungu madogo ya wali yenye kipande cha samaki juu) na supu ya miso (ile rojo ya soya iliyochachushwa), yaani nikabaki mdomo wazi. Sasa nauliza, huu mgahawa ni mzuri kweli au ni mimi tu mgeni wa hivi vyakula? Yule samaki mbichi ni salama? Na nikirudi niagize nini, maana menyu ina majina mengi na naona aibu kuuliza. (Jirani wa Nyuma)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, kupata mgahawa wa hivo kwa umbali wa kutembea kwa miguu ni bahati na mimi nimefurahi pamoja na wewe.

Kuhusu kujua kama ni mzuri, angalia wali. Najua watu wengi wakikaa kwenye sushi macho yote kwa samaki, ana rangi gani, kakatwa mnene au mwembamba, lakini waulize wapishi wenyewe watakwambia kazi kubwa iko kwenye wali, wenyewe wanauita shari. Ni mchele wa punje fupi, unaoshwa mpaka maji yatoke safi, unapikwa, alafu ukiwa bado wa moto unamwagiwa siki iliyochanganywa na chumvi na sukari, mpishi anaupitisha mwiko bapa kama anaukata, hakorogi, maana akikoroga punje zinapondeka, na huku unapepewa ili ung'ae. Ukiletewa nigiri unatakiwa uwe na uvuguvugu, karibu na joto la mwili, sio wa baridi. Hapo ndipo ile ya boksi inapokosea mwanangu, sio kwamba wewe hupendi sushi, ni kwamba wali ukikaa frijini wanga wake unakaza na punje zinakuwa ngumu, na siki inabaki inauma peke yake. Kwa hiyo ulichokula kule na ulichokula hapa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Siku ukirudi fanya hivi, ishike nigiri moja kwa vidole (ndio, vidole ni ruhusa, hata Wajapani wanakula hivo) uione ilivyo. Isimeguke ukiinyanyua, ila ukishaiweka mdomoni ifumuke yenyewe, punje zitawanyike huku samaki bado yupo kwenye ulimi, na vyote viishe kwa pamoja. Ikiwa imekazwa kama donge utatafuna samaki aishe ubaki na wali peke yake mdomoni, na hapo unajua aliyeiminya ana haraka au bado anajifunza. Mpishi aliyeiva anaiminya mara chache sana, hewa inabaki katikati ya punje. Ukipata mtu anayefanya hivo kila sahani, jioni yenye watu na jioni isiyo na watu, usiwe na wasiwasi tena, huo mgahawa ni mzuri.

Cha pili ni hiyo supu yako ya miso. Chini ya miso kuna mchuzi unaitwa dashi, na huu dashi ndio uko chini ya karibu kila kitu jikoni kwao, supu, mboga za kuchemsha, sosi ya kuchovyea tempura (vitu vya kukaangwa na kinyunya), mayai ya mvuke. Unatengenezwa na mwani mnene wa kukausha unaoitwa kombu, na katsuobushi, yaani jodari mdogo aliyechemshwa, akapigwa moshi, akakaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, halafu anaparuzwa vipande vyembamba vinavyocheza juu ya chakula cha moto. Mwaka 1908 mwanakemia wa Tokyo anaitwa Kikunae Ikeda alikaa na huo mwani akachuja mpaka akapata kinacholeta ile ladha nzito isiyokuwa tamu wala chumvi wala chachu wala chungu, ni glutamati, na ladha yenyewe akaipa jina umami. Mgahawa unaotengeneza dashi yake mwenyewe utaujua, ukifungua kifuniko cha bakuli harufu inakuja kwanza ya bahari na moshi kwa mbali, alafu ya miso. Wa unga wa pakiti chumvi inatangulia na baada ya kumeza hakuna kinachobaki mdomoni. Wewe umesema supu ilikuacha mdomo wazi, mimi hilo tu linanitosha.

Kingine, hapo mlangoni kusiwe na harufu ya samaki. Samaki mzuri mbichi hanuki, ananukia bahari kidogo basi. Na menyu fupi isikukatishe tamaa, sehemu ndogo yenye vitu vichache na ubao wenye samaki wa siku hiyo mimi naiamini kuliko yenye kurasa kumi na mbili.

Usalama. Samaki wa kuliwa mbichi ana hatari mbili, minyoo na bakteria. Minyoo, hasa wale wanaoitwa anisakis, wanauawa na baridi kali, ndio maana sheria za nchi nyingi zinataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza, Umoja wa Ulaya wanataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa angalau saa 24, Marekani wanashauri baridi hiyo hiyo kwa siku 7. Kwa hiyo ukisikia samaki wako aliwahi kugandishwa usijione umeibiwa, ndio kinga yenyewe hiyo. Bakteria ni habari nyingine, hao friza haiwaui, inawasimamisha tu, hapo unategemea usafi wa mikono, visu na ubao wa kukatia, na baridi isiyokatika toka sokoni mpaka kaunta. Na hii ndio faida ya kukaa kaunta, unaona kila kitu, unaona kama anafuta kisu na kitambaa safi, kama samaki yupo kwenye kabati la baridi au yupo juu ya meza tu anasubiri. Samaki wa maji baridi, wa mtoni na ziwani, asiliwe mbichi hivi hivi, huyo ana minyoo yake mingine na Wajapani wenyewe wanamwogopa.

Sasa uagize nini. Aibu iache nyumbani, wapishi wa kaunta wanapenda kuulizwa. Nenda mchana uombe teishoku, ni mlo kamili kwenye sinia, wali, supu, kachumbari zao za chumvi, na kitu kimoja kikubwa, na kama wana samaki wa kuchoma kwa chumvi chukua huyo, ngozi imekauka inapasuka, ndani mafuta yanachuruzika, pembeni wameweka figili nyeupe iliyoparuzwa ya kupoza mafuta. Hakuna mbwembwe yoyote kwenye ile sahani na ndio maana huwezi kuficha kosa. Omba pia chawanmushi, hayo ni mayai yaliyochanganywa na dashi yakapikwa kwa mvuke kwenye kikombe, yanatakiwa yawe laini yanatikisika, yasiwe na vitundu vitundu kama sifongo, vitundu maana yake moto ulikuwa mkali. Alafu agedashi tofu, tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ya kukaangwa iliyokaa kwenye mchuzi, ukiichelewesha ganda linalowa kwa hiyo ikifika acha maongezi ule. Omakase, ile unamwachia mpishi akuchagulie mwanzo mpaka mwisho, isubiri kidogo mpaka mmezoeana na ameshajua unapenda nini, halafu mwambie mapema usichokula na uulize bei kabla hujakaa, sio vibaya kabisa kuuliza.

Na la mwisho kwako, kuwa mteja wa kudumu. Mtu wa kaunta akikujua uso anakwambia kweli, leo ngisi sio mzuri chukua kibua, na hicho kitu hakipo kwenye menyu yoyote.

SWALI: Shangazi, mimi na mume wangu tumepata mgahawa wa Kijapani karibu na nyumbani, mimi naupenda mno ila yeye kila siku ananiharibia, anasema sio halisi kwa sababu wapishi sio Wajapani wote na wanauza rolo za parachichi (sushi ya kuviringishwa na mwani). Nimjibu nini? (Mama wa Parachichi)

JIBU: Mama, mwambie baba hivi, kwa upole lakini. Tempura anayoiona ya Kijapani kabisa, ufundi wa kukaanga kwa kinyunya walipata kwa Wareno waliofika Japani karne ya 16. Ramen imetoka kwa Wachina waliohamia miji ya bandari kama Yokohama, tambi zile za ngano zenye maji ya magadi yanayozipa umanjano na ule mnyumbuko, na mwaka 1910 pale Asakusa, Tokyo, ndio likafunguliwa duka la ramen linalotajwa sana kuwa la mwanzo. Kari na wali imepitia kwa Waingereza. Na nyama ya ng'ombe, hizo wagyu ambazo leo dunia nzima inazihusudu, Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe na wanyama wengine kadhaa mwaka 675, na kwa karne nyingi nyama haikuwa chakula cha kawaida, mpaka mwaka 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe watu wakaanza kujiachia.

Sushi yenyewe ilivyoanza haikuwa hii. Ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki, anapakwa chumvi anapakiwa ndani ya wali uchachuke kwa miezi, halafu wali unatupwa analiwa samaki, na pembeni ya Ziwa Biwa bado wanatengeneza funazushi kwa namna hiyo, harufu yake ni kali usipime. Hii ya kuminya kwa mkono na kula papo hapo ni ya Edo, ambayo leo ni Tokyo, miaka ya 1820, anatajwa mpishi Hanaya Yohei, na iliuzwa kwenye vibanda vya mtaani, mafungu makubwa kuliko ya sasa, chakula cha mtu mwenye haraka. Salmoni mbichi ambayo nina uhakika mzee anaipenda, Wajapani walikuwa hawali mbichi kwa sababu salmoni wao wa Pasifiki alikuwa na minyoo, ni Wanorwe ndio walikwenda miaka ya 1980 na samaki wao wa kufugwa wakahangaika miaka kuwashawishi.

Kwa hiyo hiyo rolo ya parachichi, ndio, imezaliwa Amerika Kaskazini, ila kisa cha kuikataa sikioni. Mimi nauliza wali umepikwaje, mwani bado unavunjika kwa sauti, kisu kina makali. Pasipoti ya mpishi hailiwi. Mpishi anaweza kuwa wa taifa lolote, kama amesimama miaka chini ya mwalimu akaosha mchele mpaka mikono ikajua, huyo ni mpishi wa Kijapani. Mume akizidi mpeleke akae kaunta mbele ya huyo mpishi amtazame anavyofanya kazi, asiseme kitu, atazame tu.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu na jirani kumefunguliwa mgahawa wa Kijapani wanasifia sana. Samaki najua hana shida, je naweza kula bila wasiwasi? (Abu wa Watatu)

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Samaki hana shida, vinavyomzunguka ndio vya kuuliza, na nakushukuru umeuliza kabla hujaenda. Kuna vitu viwili vya pombe vinavyoingia jikoni kimya kimya, sake, pombe ya mchele, na mirin. Mirin ni tamu, ile halisi ina kilevi karibu asilimia 14, na inaingia kwenye sosi ya teriyaki, kwenye samaki aina ya mkunga wa kuchoma, kwenye mchuzi wa kuchovyea tempura, na wapo wanaotia kidogo hata kwenye siki ya wali wa sushi. Sosi ya soya iliyochachushwa kiasili nayo huwa na kilevi kidogo kinachotokea chenyewe, na hilo wanazuoni wanatofautiana, muulize shehe wako unayemwamini. Upande wa nguruwe, ramen ya tonkotsu mchuzi wake ni mifupa ya nguruwe saa nyingi motoni, chashu juu yake ni nguruwe, gyoza, vile vimfuko vya kinyunya vyenye nyama ndani, kwa kawaida ni nguruwe, na hata ramen iliyoandikwa ya miso au ya sosi ya soya, bakuli linaweza kuwa na mafuta ya nguruwe chini.

Siku unayopiga simu usiulize "chakula chenu ni halali?" peke yake, maana mhudumu atasema hatuna nguruwe na akili yake haijafika kwenye mirin. Uliza moja moja: mnatia mirin au sake wapi, mafuta ya kukaangia mnakaanga nini kingine humo, mchuzi wa supu umetoka wapi. Jiko linalojali litakujibu bila kukasirika. Sashimi (vipande vya samaki mbichi bila wali), samaki wa kuchoma kwa chumvi tupu, edamame (soya changa za kuchemsha), hivi mara nyingi ni vyepesi kwako kuanzia.

SWALI: Shangazi nina mimba na mgahawa wangu nnaoupenda wa sushi uko chini ya ghorofa ninaloishi, napita naumia kila siku. Niache kabisa? (Mjamzito wa Ghorofani)

JIBU: Usiache mgahawa mwanangu, acha vibichi tu mpaka ujifungue, na samaki wakubwa wawindaji kama nduaro na jodari wakubwa uwapunguze hata wakipikwa, kwa sababu ya zebaki, mkunga wako kliniki atakupa kipimo. Vilivyobaki ni vingi, udon (tambi nene za ngano) ya moto, tempura, kamba wa kupikwa juu ya wali, kuku wa karaage, yaani wa kukaangwa, chawanmushi iliyoiva vizuri. Mwambie mpishi una mimba ili akuandalie kwa ubao na kisu ambavyo havijagusa kibichi.

SWALI: Nimealikwa na bosi kwenye mgahawa wa Kijapani, naogopa vijiti na naogopa kuaibika. Nisaidie haraka. (Wa Alhamisi)

JIBU: Vijiti, shika cha chini kisitembee, kimelala kwenye shimo la kidole gumba na kinaegemea kidole cha pete, cha juu ndio kinatembea, kishike kama kalamu. Jizoeze nyumbani na karanga. Ukishindwa omba uma, hakuna aliyekufa.

Makosa mawili ndio yanauma kweli, mengine yote utasamehewa. Usichomeke vijiti wima kwenye bakuli la wali, hivo ndivyo wanavyomwekea marehemu. Na usipokezane chakula kijiti kwa kijiti na mwenzako, kwa sababu baada ya kuchoma maiti ndugu wanapokezana mifupa kwa vijiti namna hiyo hiyo. Ukitaka kumpa mtu kitu weka kwenye kisahani chake. Nigiri geuza uchovye upande wa samaki, ukichovya wali unanyonya sosi unabomoka. Tangawizi ile nyembamba ni ya kusafisha mdomo kati ya samaki na samaki, usiipange juu ya sushi. Wasabi anza na kidogo, na hiyo ya kijani unayopewa sehemu nyingi ni mzizi mwingine mkali na haradali na rangi, ya kweli inaparuzwa papo hapo kutoka kwenye shina lake na ukali wake unaanza kupotea ndani ya dakika chache, ukiletewa hiyo jua bosi wako anakuthamini. Tambi vuta kwa sauti usione haya.

SWALI: Mgahawa wetu wa Kijapani umeanza kuleta chakula majumbani. Nichukue au nisubiri mpaka niende? (Mvivu wa Jumapili)

JIBU: Inategemea na sahani. Ramen usiagize labda wafunge mchuzi mbali na tambi mbali, vinginevyo zinafika zimevimba zimekunywa mchuzi wote. Tempura ndani ya boksi lililofungwa inajipika kwa mvuke wake, ganda linalegea. Rolo nayo mwani unalowa, ile ya koni ya mkononi ndio kabisa, hiyo inatakiwa itoke kwa mpishi iingie mdomoni. Vinavyosafiri vizuri ni donburi, wali na kitu juu yake ndani ya bakuli, kari, karaage, na bento, boksi la mlo, ambayo tangu zamani imebuniwa iliwe baadaye ikiwa imepoa. Nigiri chukua kama ni karibu sana na utakula ukifika tu. Usiipitishie frijini kwa nia ya kuila kesho, wali utaharibika na samaki mbichi wa jana simshauri mtu, agiza kidogo umalize, na ukitamani zaidi vaa viatu uende.